Wapangaji wa Nyumba ya Kioo

“Chura hapana,” mkewe alimkatiza kabla hata hajamaliza kutamka. “Miaka yote hii nimelala na mkoromo wako. Sitaki mwingine wa kupokezana nawe.”

Fundi bomba akamfuta chura kwenye orodha yake. Tangu astaafu, ufundi wake wote alikuwa ameuhamishia kwenye sanduku moja kubwa la kioo pale sebuleni: mimea ya makangaga iliyostawi, udongo wenye majimaji, taa ya joto juu, na kijibomba chembamba alichokitoboa mwenyewe ili kinyunyize ukungu. Ndani mlikuwa na joto na unyevunyevu kama jikoni siku ya karamu. Kilichokosekana ni kiumbe. Na mkewe alishatoa neno: mdogo wake anakuja kukaa nao, akifika akute kitu kinachopumua humo, la sivyo kioo kitoke, liingie kabati la vyombo.

Neno hilo lilimchoma Fundi kuliko alivyoonyesha. Watoto walishaoa na kuolewa, wakaenda zao. Yeye na mkewe walibaki wakila kimya, kila mmoja na sahani yake. Asubuhi alipoamka, hayo makangaga ndiyo pekee yaliyoonekana kumhitaji.

Kwenye duka la wanyama, dada muuzaji naye hakuwa mwepesi. Fundi alimwonyesha kobe.

“Huyo anataka pakavu, baba. Kwako ataoza gamba. Na hayo majani yako atayakanyaga yote.”

“Na kinyonga?”

“Kinyonga anataka upepo upite. Kwenye kioo kilichofungwa utamtesa bure. Halafu…” dada akacheka, “mama ataweza kustahimili yale macho?”

“Mwache,” Fundi akasema haraka.

Ndipo dada akamtolea wadudu vijiti: wembamba, rangi ya kahawia, ukiwatazama hujui yupi mdudu na kipi kijiti. Joto wanalipenda, unyevu wanaupenda, kelele hawana, kung’ata hawajui, na mchana hawajitikisi kabisa. Dada akawafunga kwenye boksi pamoja na vitawi vyao. Boksi jingine la aina hiyo hiyo akalijaza vitawi vya majani mabichi, chakula chao.

“Usiwashike kwa mkono, miguu yao hukatika upesi. Weka vitawi vyote ndani, ujiondokee. Watashuka wenyewe.”

Fundi alifika nyumbani mbiombio, boksi kwapani. Akapanga vitawi katikati ya makangaga kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto, akafunga kioo. Mkewe akaja, akavaa miwani, akainama. Kioo kilikuwa kikitoka jasho.

“Wako wapi?”

Fundi mwenyewe hakuwa ameona hata mmoja. Lakini shemeji yake alikuwa njiani, na kabati la vyombo lilishapimwa.

“Yule pale,” akanyoosha kidole. “Kwenye kangaga la kushoto.”

“Pale wapi?”

“Kama humwoni, basi miwani hiyo ikabadilishwe.”

Mkewe akaisukuma miwani juu ya pua. “Nimemwona,” akasema. “Mbona amekonda hivyo?”

Shemeji alipofika hakukubali kupitwa na dada yake. Aliweka mkoba chini, akainama, na papo hapo akawaona wawili. “Yule mkubwa ndiye jike,” akatangaza, utadhani kafuga vijiti tangu utotoni.

Kuanzia hapo nyumba ikachangamka. Mkewe akampa yule mkubwa jina la Mkwe, kwa kuwa ni mrefu, mwembamba, na kazi hafanyi. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika kwenye kioo. “Mkwe kahama leo,” alikuwa akisema, “yuko juu karibu na taa.” Fundi alikuwa akijibu kwamba amemwona, tena anaonekana kanuna. Walibishana kanuniwa nani na kwa kosa gani. Meza ya chakula ikasahauliwa. Jioni walivuta viti mbele ya kioo, sahani mapajani, wakacheka mpaka chakula kikapoa. Majirani nao wakawa wanapita kuchungulia, na hakuna aliyeondoka bila kumwona japo mmoja. Habari za kabati hazikusikika tena.

Jambo moja tu lilimkera Fundi, na hakumwambia mtu. Wote waliwaona. Yeye, aliyewaleta, macho yake hayakuwa yamewahi kuwatambua. Akalaumu uzee, akaendelea kunyoosha kidole.

Taa ya joto ilipoungua, akarudi dukani kutafuta nyingine. Yule dada alipomwona mlangoni akapiga makofi.

“Afadhali umekuja, baba! Ningekupigia, lakini namba yako sina.” Akainama chini ya kaunta, akaibuka na boksi, akaliweka mbele yake. “Siku ile ulibeba boksi la chakula, wenyewe ukawaacha. Hawa hapa, wazima wote wanne. Nimewalisha mimi.”

Fundi akachungulia. Kijiti kimoja kikanyanyua mguu taratibu, kama mtu anayesalimia kwa mbali.

Simu ikaita mfukoni. Alikuwa mkewe, na furaha yake ilijaa duka zima.

“Baba watoto, uko wapi? Rudi mbio! Mkwe amezaa!”

Fundi akawatazama wale wanne. Kisha, polepole, akaurudisha mfuniko wa boksi.

“Hongera,” akasema. “Mtoto kafanana na nani?”