Tranka la Mkunde

Tranka lilikuwa wazi juu ya kitanda. Mkunde, mwenye miaka arobaini na minne, alikuwa akipanga vitu vya kwenda navyo bweni. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepiga deki mabweni ya chuo cha uuguzi. Sasa chuo hicho kilikuwa kimempokea kama mwanafunzi.

Binti yake, Naetwe, alisoma orodha. "Shuka mbili. Ndoo. Chandarua. Mama, wenzako watakuita bibi!"

"Waniite. Nikihitimu wataniita sista."

Naetwe akaikunja ovaroli ya bluu iliyochakaa, akaiweka juu ya madaftari. "Na hii utafanyia usafi."

Mkunde akaitoa. Akapapasa mifuko yake, alimokuwa akitia karatasi za masomo zilizotupwa na wanafunzi, ili azisome saa ya chai.

"Hii ni mali ya chuo," alisema. "Nimeshaifua. Naenda kuikabidhi."

Akafunga tranka, akajitwika. Naetwe akamfuata na godoro.

Getini, mlinzi alimfungulia kimlango cha wafanyakazi kama kawaida. "Mama Naetwe, leo umechelewa kazini."

"Sijaja kazini, baba. Nimekuja kusoma."

Akampa barua, akabaki amesimama palepale, shingo imenyooka chini ya tranka. Mlinzi aliisoma, akarudia kuisoma. Kisha akakiacha kimlango, akaenda kwenye geti kubwa na kuanza kulisukuma, upande wa kwanza, halafu wa pili, ingawa hapakuwa na gari lolote barabarani.