Salamu Zilizorudishwa

Tangu ukaguzi uanze, ujumbe wowote wa simu hupimwa kwanza na mashine kama unasema kweli. Ukifaulu, taa ya kijani inawaka na ujumbe unakwenda. Ukishindwa, unarudishiwa urekebishe.

Asubuhi hiyo Bi Mwanakombo wa Pangani alirudishiwa mara tatu.

"Saumu mwanangu, mimi huku sijambo," alisema kila mara, kama alivyofunzwa na mamake: unaanza na uzima, mengine yafuate. Taa ikawaka nyekundu. Bangili yake ya afya ilionyesha homa, siku ya nne sasa.

"We nawe!" akaifokea simu. "Hiyo ni salamu, si cheti cha daktari!"

Wa kumlaumu hakuwa naye. Kipimo hicho alikiunda Saumu mwenyewe, huko ughaibuni, na siku kilipopitishwa mama mtu alipika biriani akagawa mtaa mzima.

Akakohoa, akawaza, kisha akaiondoa salamu yote. "Saumu mwanangu, ule mkomamanga wako umezaa." Kijani.

Jibu lilifika chai haijapoa, nalo lilikuwa la kijani. "Shikamoo mama. Niwekee moja, lile jekundu kabisa. Nakupenda."

Bi Mwanakombo akatabasamu. Halafu akalisikiliza tena tangu mwanzo, na tena, simu kaibana sikioni, akiitafuta ile "mimi sijambo" ambayo Saumu hajapata kuiruka tangu alipojua kusema.