Kambare wa Mawe Makavu

Mvua ilinyesha mlimani siku tatu, lakini mchana huo maji ya mto yalikatika ghafla, kama mtu kafunga bomba. Kambare wadogo, saizi ya kidole, wakabaki wameng'ang'ania mawe matupu kwa midomo yao.

Kornel akashuka na ndoo. "Watu wa juu wamegeuza maji kwenye mfongo, mfereji wao wa mashamba. Leo mboga ya bure!"

Kila alipombandua mmoja, mdomo uliachia jiwe kwa mlio wa busu.

"Taratibu, hao wake za watu," nikamtania kutoka ukingoni.

Shangazi akatokea migombani na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nilimpa shikamoo, hakuitika. Alikuwa akiutazama mto.

"Nani kafunga maji?"

"Watu wa juu, shangazi. Si zamu yao ya mfongo?"

"Mfongo wao nimeuvuka sasa hivi. Mkavu."

Utani ukaniisha. Maji yote ya siku tatu yalikuwa yamesimama mahali, huko juu yetu.

"Kornel, toka humo! Toka!"

Hakuinua hata kichwa. "Wewe na utani wako," akasema akicheka, akainamia jiwe jingine.

Juu ya bonde, miti ikaanza kuvunjika.