Mama Bata Amesahau

Zawena alimwigiza Mama Bata mbele ya kamera mara moja tu, kama waigizaji wote wa katuni siku hizi. Tangu hapo mashine humwendeleza bata yenyewe, ikibashiri mwigizaji mwenyewe atakavyobadilika miaka ikienda.

Leo, akitazama filamu mpya na bintiye Nasra, akamwona Mama Bata kasimama ziwani, mdomo wazi, jina la kifaranga chake limempotea. Akawapigia simu watu wa studio.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Hakuna aliyeandika, dada. Mashine imekufuata wewe."

Akakata simu. Akamgeukia binti yake.

"Zima hiyo, we... we..."

Nasra akaangua kicheko, akapiga makofi. "Mama, unamwigiza sawasawa!"