Mwanamke wa Kwenye Spika

"Sivui," alisema Bi Salma, akauficha mkono wenye bangili ndani ya mtandio. "Nimeambiwa na mtu asiyeweza kunidanganya, mwanangu."

Dawa zake za presha alikuwa amekwisha kuzitupa, na tangu asubuhi macho yalikuwa yanaona ukungu. Tasneem, bintiye, mhadhiri wa elimu ya nyota, hakubishana tena. Alipanda bajaji kutoka Upanga hadi Kariakoo, bangili iliponunuliwa, kumsaka huyo mtu. Atamkokota mpaka kitandani kwa mama, akaukane uongo wake kwa mdomo wake mwenyewe.

Hakupata shida. Spika ya meza ya bangili ilisikika tangu kona ya Mtaa wa Kongo, imepasuka, inakoroma, mwanamke akiwa katikati ya maneno:

"...ni sumaku dhaifu mno, huenda imebaki tangu ulimwengu ulipoanza. Huioni. Lakini mawimbi ya redio kutoka galaksi za mbali yakipita ndani yake, hutoka yamesokoteka kidogo. Tukiupima msokoto ule, tunajua ipo."

Mwanamume akadakia: "Na sumaku hiyohiyo imo humu, ndani ya bangili hizi! Presha kwaheri!"

Tasneem alijipenyeza hadi mezani. Huyu mwanamke angekuwa mjinga, angemsamehe. Lakini maneno ya yule mwanamke yalikuwa sahihi, hakuna la kupunguza. Msomi kamili, anauza usomi wake kwa mafungu kama nyanya mbovu! Na sauti yenyewe ya puani, ya kujidai. Uchafu mtupu.

"Mtu na akili zake anakubalije kutumika hivi?" alifoka. "Yuko wapi huyu mwanamke?"

Wateja wawili waligeuka, wakatazamana. Elibariki, mwenye meza, akaizima spika na kumkodolea macho.

"Dada, hebu sema tena."

"Usinichezee! Mama yangu ametupa dawa kwa ajili ya shetani huyu. Nataka jina lake!"

"Jina lipo, mbona." Elibariki alitabasamu, furaha imemjaa usoni. "Nimemrekodi redioni, na jina nikaliacha humohumo makusudi. Bila jina watu hawanunui."

Akairudisha rekodi mwanzo, akaongeza sauti. Mtangazaji alikuwa mchangamfu:

"Mpenzi msikilizaji, leo studioni tunaye Dokta Tasneem Hamud. Karibu sana, dokta."