Biriani ya Kocha

Tangu timu ipande ligi kuu, kila siku ya mechi wanawake wa mjini walimletea Kocha Mbaruku biriani, na sahani ikirudi tupu waliamini ushindi umeshakuja. Mkewe, Salama, aliyempikia dagaa miaka yote ya kufungwa, leo aliipokea mlangoni kwa wivu.

"Wifi, amalize yote," alisema Bi Rukia, mmoja wa wanawake walioileta. "Tukifungwa leo, tutajua nani katuponza."

"Mume wangu huyo, si jogoo wenu wa kunenepesha."

Ndani, Salama aliitua biriani mkekani, na kando yake akaweka dagaa aliowakaanga mwenyewe. Mbaruku akanawa. Mkono wake ukasita kati ya sahani mbili, na barazani mashabiki waliokuwa wakiimba jina lake huku wakichungulia dirishani wakanyamaza.