Kivuli cha Bwana Kima

Bi Kobe, ambaye maishani mwake hajawahi kukimbilia kitu, alipanda asumini katikati ya minazi. Ardhi ilikuwa yake, minazi ilikuwa ya Bwana Kima, na Bwana Kima alikuwa hodari wa kudai.

Asumini ilipochanua, Kima akateremka mbio. "Bi Kobe, maua haya yamestawi kwa kivuli cha minazi yangu. Kivuli ni mali yangu. Nipe nusu, binti yangu anaolewa Ijumaa."

Bi Kobe alikula kwa kuuza maua yale. Hata hivyo alitafuna jani lake taratibu, akalimeza, ndipo akasema, "Kumbe kivuli ni chako! Afadhali nimemjua mwenyewe. Kila asubuhi kinavuka mpaka na kulalia viazi vya Ngiri, na Ngiri ameapa kwamba akimpata mwenye kivuli atamng'oa mkia. Ngoja nimwite. Ngiri! Ngiri wee!"

Kima alikuwa keshafika nusu ya mnazi. "Tangu lini kivuli kikawa na mwenyewe?" alipiga kelele. "Ni cha Mungu hicho!"

"Ahaa, basi yameisha," akasema Bi Kobe, akaendelea kuchuma.

Ijumaa bibi harusi alipendeza, kifuani ana kikuba cha asumini alichotunukiwa na Bi Kobe. Baba yake aliitazama harusi yote kutoka kileleni mwa mnazi, maana Bi Kobe alikuja pole pole, ameandamana na Ngiri.